Strungi hapandi lori

Huyu farasi ana jina refu la Kizungu kwenye karatasi zake za mashindano, lakini pale kwa mabanda hakuna mtu analitumia. Siku aliposhuka kwa lori jua likampiga mgongoni, rangi ile nyekundu inayoelekea hudhurungi, saisi mmoja akasema aah, huyu ni strungi kabisa, chai ya rangi isiyo na tone la maziwa, na kuanzia hapo ni Strungi. Alishuka vizuri, hatua moja moja, kama mzee anashuka matatu. Nawaambia hivyo mapema kwa sababu baadaye lori litakuwa shida na shida hiyo hakuja nayo. Nilimpa mimi.

Mi ni mtoto wa saisi. Kwa wasiojua, saisi ni mtu wa kutunza farasi, na ukienda kwa Waarabu au kwa Wahindi utalikuta neno ni lile lile, yaani hii kazi ni ya zamani kuliko sisi wote. Baba alikuwa saisi pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, ule uliofunguliwa mwaka 1954. Yeye aliingia hapo miaka ya 1970 akiwa kijana hajaota hata ndevu, akaanza kwa kuzoa mavi na kubeba maji. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mabanda, kati ya kitanda changu na farasi ni ukuta mmoja wa mbao, na mpaka leo nikilala mahali pasipo na kitu kinatafuna tafuna gizani usingizi unakataa kuja.

Baba hakuwahi kwenda kozi yoyote ya farasi. Lakini wale wakorofi, wale wanauma na kupiga kuta, walikuwa wanaletwa kwake kimya kimya jioni, mabosi wakishaenda. Nikiwa mdogo nikimuuliza "baba, unamfanyaje?" ananijibu "namngoja." Basi. Hakuna maelezo mengine. Nilidhani ananificha siri, nikakasirika nayo miaka mingi sana, nikaenda nikalipa pesa zangu nikafundishwa na watu wenye vyeti, na nikawa mtu anayelipwa kuzoesha farasi waliostaafu mbio ili watu wa kawaida waweze kuwapanda. Na kila nikichimba chini kabisa ya yale niliyofundishwa nakuta mzee amekaa hapo anangoja.

Kwanza muelewe farasi wa mbio ni kiumbe wa aina gani. Hawa wa damu ya mbio, dunia nzima, ukifuata upande wa baba unaishia kwa madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki miaka kama 300 iliyopita, na tangu wakati huo wamekuwa wakichaguliwa kwa kitu kimoja, mwendo. Sasa Strungi ana miaka 6, amekimbia tangu akiwa mtoto, na mambo anayoyajua ni tofauti na yale mpandaji wa wikendi anatarajia. Joki, yule mpandaji wa mbio, akikaza hatamu, zile kamba za mdomoni, farasi anaegemea ile hatamu na kuongeza kasi, ndivyo alivyofunzwa. Wewe mpandaji mgeni unaogopa, unavuta kwa nguvu ili asimame, naye anasikia umemwambia twende! Unavuta zaidi, anakimbia zaidi, na huko mbele kuna ua. Alafu joki anakaa na miguu juu karibu na mabega ya farasi, kwa hiyo miguu mirefu ikining'inia mbavuni ni kitu hajawahi kukisikia maishani. Na kupanda kwenyewe, joki anarushwa juu na mtu mwingine huku farasi anatembea. Hajawahi kuambiwa asimame tuli mtu apande. Watu wanaona anazunguka zunguka wanasema ni mkaidi. Si ukaidi, ni kama kumpeleka mtu wa Kisumu kijijini ndani kabisa huko Tanga alafu umcheke kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi.

Kabla ya mafunzo yoyote nilimwita daktari wa mifugo amkague mdomo na mgongo. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inakula pesa na haina vidio ya kupost. Meno ya farasi yanaendelea kutoka maisha yake yote, yakisagana vibaya yanaota makali pembeni, na Strungi alikuwa na vidonda ndani ya mashavu pande zote mbili. Fikiria uvae lijamu mdomoni na vidonda hivyo, alafu mtu avute. Yakapigwa tupa yale meno, tukangoja vidonda vipone. Nimeona farasi wawili watatu wakiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "wana kichwa kibaya" na shida ilikuwa jino. Inaniuma bana, tuache hiyo.

Wiki ya kwanza sikumfundisha kitu. Nilichukua kreti ya soda nikaigeuza, nikaikalia katikati ya padoki, ule uwanja mdogo wenye ua wa farasi, nikachambua maharagwe. Kweli kabisa, maharagwe ya chakula cha mchana cha masaisi, kilo 4 kwa siku, na wale vijana walifurahi sana kuona mtaalamu wao amepata kazi inayomfaa. Lakini kuna akili hapo. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, anaona karibu nyuzi 350 za duara, anachokosa ni kipande kidogo mbele ya paji na kingine nyuma ya mkia. Yaani ukiwa padoki anakuona tu, hata akikupa ubavu na kujifanya anakula majani. Na yeye ni mnyama wa kuliwa, mababu zake ni wale waliokimbia kwanza na kuuliza baadaye, waliouliza kwanza hawakuacha watoto. Kiumbe chenye macho mawili mbele kinachomtembelea moja kwa moja huku kimenyoosha mkono, kwake hiyo ni picha ya simba. Mtu aliyekaa chini anaangalia maharagwe hatafuti kumla mtu.

Siku ya nne alikuja. Alipiga hatua, akasimama, akarudi nyuma, akazunguka, akaja kwa upande mwingine, nikahisi pumzi shingoni kwangu. Sikugeuka. Hapo ndo mtihani ulipo, maana mwili mzima unataka kugeuka umshike, umwambie vizuri vizuri. Akanusa nywele, akapiga chafya kwenye sufuria, akaenda zake. Maharagwe tuliyaosha.

Sasa nieleze kitu ambacho kama ungekuwa umenilipa hela ya somo moja tu ndicho ningekuambia. Farasi hajifunzi pale unapomvuta. Anajifunza pale unapomwachia. Ukiweka kidole kifuani kwake na kusukuma kidogo, hicho kidole kwake ni swali, anaanza kutafuta jibu, pengine anainua kichwa, pengine anakuegemea, pengine anahamisha uzito nyuma kidogo, na ule uzito tu, hata kabla mguu haujanyanyuka, unatoa kidole. Pale pale. Ukichelewa sekunde moja ushamfundisha kitu kingine, umemwambia kurudi nyuma hakusaidii, ajaribu kuuma. Watu wengi wana mikono mizuri sana ya kuomba na mikono mibovu sana ya kuachia. Na mimi nilikuwa hivyo. Mwalimu wangu mmoja alinishikisha ncha ya kamba akashika ile nyingine, akafumba macho, akaniambia nimwongoze kama farasi, na baada ya dakika mbili akaniambia "unanipigia kelele." Na mimi nilidhani kamba imelegea, namwongoza kwa upole! Lakini kila akitii mkono wangu ulibaki unamvuta vile vile, kwa hiyo kwake ilikuwa ni kelele moja ndefu isiyo na nukta.

Na nguvu haihitajiki nyingi jamani. Muangalie farasi nzi akimtua begani, ngozi inatetemeka pale pale alipotua, sentimita chache tu. Mnyama anayemsikia nzi anakusikia na wewe. Wale wanaomfungulia kila kitu kwa teke la kisigino wamemzoesha asisikie, na baadaye wanalalamika ana ngozi ngumu wanaenda dukani kununua vyuma.

Watu wakijua kazi yangu lazima mmoja atanitolea ile "asante ya punda ni mateke." Sipingi wahenga, ila naona punda ameonewa. Teke ni neno la mwisho la mazungumzo marefu. Kabla ya teke alilaza sikio, kabla ya sikio alibana pua, kabla ya pua alihamisha jicho, kabla ya jicho aliacha kutafuna. Alisema mara nne na wewe ulikuwa kwenye simu. Strungi alikuwa na tabia ya kuacha kutafuna. Ukimsogelea na tandiko taya linasimama katikati, na hapo nilikuwa nasimama na mimi, tandiko mkononi, kilo zake zinanikata mkono, mpaka taya lianze tena. Kisha narudi nyuma hatua moja, ndio, narudi nyuma, naweka chini, tunaanza upya. Siku ya kwanza tandiko halikufika mgongoni. Siku ya tatu lilifika na akaendelea kula. Nilimkuna pale chini ya shingo kuelekea kwenye nundu ya mabega, pale wanapokunana wao kwa wao kwa meno. Mwaka 1993 watafiti waliokuwa wanachunguza farasi wa Camargue kule Ufaransa walitoa matokeo kwamba ukimkuna farasi sehemu hiyo mapigo ya moyo yanashuka, na ukimkuna kwingine hayashuki hivyo. Baba alikuwa anawakuna hapo hapo miaka 20 kabla. Hakuna aliyemwandika.

Kuna kisa cha kale nakipenda sana kuhusu hawa wanyama kutusoma. Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kulikuwa na farasi anaitwa Hans, mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na Hans alikuwa anajibu hesabu kwa kupiga kwato chini, unamuuliza tatu jumlisha nne anapiga mara saba anaacha. Mwaka 1904 ikaundwa kamati ya watu wazito wakachunguza, hawakuona ujanja wowote. Baadaye mwanasaikolojia mmoja kijana, Oskar Pfungst, akagundua kwamba kama anayeuliza hajui jibu, na Hans hajui. Kumbe farasi alikuwa anaangalia mtu. Akikaribia namba sahihi muulizaji anakaza mwili bila kujua, ikifika anaachia, kichwa kinainuka kidogo sana, na Hans anasimamisha kwato. Watu wakakichukulia kisa hiki kama aibu, ati farasi hakuwa na akili. Mi nakisoma kinyume. Hesabu hata kalkuleta inajua. Huyu mnyama alikuwa anasoma kitu kwenye mwili wa profesa ambacho profesa mwenyewe hakujua anacho, na hata Pfungst aliposhajua siri, alipata shida kujizuia asimpe Hans ishara.

Kwa hiyo ukija kwa mabanda umetoka kwenye foleni ya Lang'ata Road, umegombana na mtu wa bodaboda, deni la karo liko kichwani, ukasema "leo tutakuwa watulivu Strungi mpenzi," unaongea na nani? Sauti inasema mpenzi, mabega yanasema foleni. Yeye anasikiliza mabega. Nina sheria yangu ndogo, nikifika nashika fagio nafagia kwanza. Nikimaliza kufagia na bado nimekaza, simgusi farasi siku hiyo, napiga mswaki tandiko narudi nyumbani. Wateja wengine hawaipendi hii sheria maana wamelipa.

Kuna njia moja mtaikuta sana kwenye vidio, ile ya uzio wa duara. Mtu anamfukuza farasi azunguke zunguke mpaka farasi anashusha kichwa, analamba midomo, mtu anageuka, farasi anamfuata kama mbwa, watu wanalia machozi. Aliyeipa umaarufu ni Mmarekani Monty Roberts, Malkia Elizabeth alimwalika Windsor mwaka 1989 akawaonyesha, na mi simkatai, alisaidia dunia kuona kwamba farasi anaweza kuzoeshwa bila kufungwa kamba na kuangushwa chini, na hilo ni jambo kubwa. Ila ile hadithi kwamba farasi "amekuchagua" uwe kiongozi wa kundi lake, hapo ndo natoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichukua kigari cha kuchezea cha rimoti wakakitumia ndani ya duara kama vile, ukienda mbali kinakufukuza, ukikigeukia kinaacha, na farasi wakaanza kukijibu kigari kama wanavyomjibu mtu. Sidhani walikichagua kiwe mfalme. Walijifunza kwamba mahali pa amani ni karibu na hicho kitu. Ni kuachia kule kule, tofauti ni kwamba umemchosha kwanza.

Nikiulizwa kama Strungi ananipenda najibu sijui na sihitaji kujua. Nachotaka ni ajue nitafanya nini. Nikinyanyua mkono hivi, kitafuata hiki, jana na leo na kesho, mvua ikinyesha, mgeni akija. Kwake imani ni hiyo, na haina mambo ya moyoni sana. Ni kama dukani kwa Mpemba wenu wa mtaani, unamtuma mtoto na noti ya elfu unajua chenji itarudi.

Kupanda tulianza na ile kreti. Natembea naye mpaka kwenye kreti, anasimama, namkuna, tunaondoka. Sipandi. Kesho napanda juu ya kreti, nashuka. Kesho kutwa naegemea mgongo wake kama gunia, nashuka. Ilichukua siku 9 mpaka nikaweka mguu kwenye rikabu na kukaa, na alipojaribu kuondoka nilishuka tukaanza tena. Kusimama nilimfundisha kwa pumzi. Natoa pumzi yote, kiuno kinakuwa kizito kama nimekaa kwenye kochi, na kama hajasikia ndo nafunga vidole kwenye hatamu, na kama bado, nageuza kichwa chake taratibu upande mmoja mpaka miguu ya nyuma ipishane. Hiyo ya mwisho ndiyo breki ya dharura, farasi aliyepinda shingo hawezi kukimbia moja kwa moja. Baada ya mwezi pumzi peke yake ilikuwa inatosha. Kilo 500 zinasimama kwa sababu umepumua, hiyo raha sijui niielezeje.

Barabarani ni kitu ingine. Pande zetu za Karen una bodaboda, una mbwa wa getini, una ngiri wanaotoka kichakani na watoto wao mikia juu kama antena. Vitu vya kupepea nilimzoesha na mifuko ya nailoni niliyofunga kwenye fimbo, na hapo serikali ilinitesa kidogo, maana ile mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, sasa natumia ya mkate, naomba masaisi waniwekee. Unaipeperusha mbali, yeye anatembea akiifuata, kumbuka wewe ndo unaondoka nayo na yeye ndo anaifukuza. Kitu unachokifukuza hakikutishi. Wiki mbili baadaye alikuwa anajaribu kuila.

Basi mambo yakawa mazuri, na mambo yakiwa mazuri ndo mtu anakuwa mjinga.

Ilikuwa Jumamosi. Mwenye farasi, mama mmoja mpole tu, alitaka Strungi aende kwenye maonyesho madogo upande wa pili wa mji, lori lilikuwa lifike saa 12 asubuhi, likafika saa 2. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ule ubao wa nyuma wa kupandia umelowa. Simu inalia, mama anauliza mmefika wapi, nasema tuko njiani, na sisi tuko hapo hapo. Strungi akaweka kwato moja kwenye ubao, ukalia ndoo! maana chini yake ni patupu, akarudisha mguu. Kawaida hapo ningengoja. Angenusa, angeweka tena, dakika 10 labda. Nilikuwa sina dakika 10, au niseme nilijiona sina. Nikasema sukumeni.

Tulikuwa watu wanne. Wawili wakapitisha kamba nyuma ya mapaja, mmoja na fagio, mimi mbele nimeshika kamba ya hedikola, ule mkanda wa kichwani, navuta. Punda afe mzigo ufike, ndio hiyo hiyo. Alipanda nusu, ubao ukateleza, akainuka miguu ya mbele juu, kichwa kikagonga fremu ya chuma juu ya mlango. Ile sauti. Akashuka kinyumenyume akakaa chini kama mbwa, akasimama, damu inatoka juu ya jicho la kushoto. Yule saisi kijana aliyeshika fagio akalitupa. Hakuna aliyesema neno. Kamba ilikuwa imenichuna viganja vyote viwili na sikusikia chochote mpaka jioni nilipoosha vyombo.

Alishonwa nyuzi 5. Jicho lilikuwa salama. Lakini siku ya tatu nilipoingia padoki na kreti yangu, akaenda kona ya mbali akanigeuzia makalio. Lori hata likipita barabarani nje ya ua, taya linasimama.

Nilimpigia baba. Siku hizi yuko nyumbani, ana ng'ombe wawili na magoti mabovu. Nikamweleza yote, nikitegemea anipe pole. Akanyamaza kwanza, alafu akaniuliza, "Mama, mlikuwa mnaenda wapi?"

"Maonyesho, baba. Pale ng'ambo."

"Mlifika?"

"Hatukufika."

"Ehe." Akaanza kunieleza habari za ng'ombe.

Nilianza kutoka chini kabisa, maharagwe na yote. Wiki ya kwanza nilikaa padoki bila kamba. Alirudi kunusa siku ya sita, polepole kuliko mara ya kwanza, na sikio moja lilibaki nyuma muda wote kama mtu aliyeacha mlango wazi. Kisha tukaweka mbao chini, mbao tu za kawaida kwenye nyasi, tukapita juu yake kila siku tukienda kula. Kisha mbao juu ya matairi mawili ili zilie zikikanyagwa. Mara ya kwanza zilipolia aliruka akanivuta, nikamwacha aende hadi mwisho wa kamba, nikasimama, akasimama. Nikageuka tukarudi, akakanyaga tena. Ikiwa ataondoka nataka aondoke na ajue hakuna mtu atamkamata kwa hilo, kwa sababu aliyejua anaweza kuondoka ndiye anaweza kuamua kubaki. Ilichukua muda. Mwenye farasi aliniuliza mara mbili kama tusimuuze, nikamwambia kosa ni langu na hizo wiki sitazilipisha. Ilinikata mfuko lakini ndivyo ilivyokuwa.

Lori lenyewe nilimwomba dereva, mzee mmoja wa maneno mengi, awe analiegesha pale uani Jumatatu anapokuja kuliosha, mlango wazi, ubao chini. Strungi nikawa nampitisha mbali, kila Jumatatu karibu kidogo, hatua mbili, tatu, kisha tunaondoka kabla yeye hajaomba kuondoka. Wiki ya 7 aliweka kwato kwenye ubao. Nikamshusha mwenyewe. Wiki ya 8 mbili, nikamshusha. Sikuwa nataka apande, kweli nilikuwa nimeshasahau kutaka.

Wiki ya 11 nilikuwa nimemwacha huru uani huku natafuta kijiti changu cha chuma cha kutolea uchafu kwenye kwato, nimeinama kwenye sanduku, nasikia ndoo, ndoo, ndoo, ndoo. Kugeuka, uani hakuna farasi. Dereva amesimama na mpira wa maji mkononi, maji yanamwagikia viatu, mdomo wazi. Ndani ya lori kulikuwa na majani makavu yaliyobaki pembeni tangu safari ya farasi mwingine, na Strungi alikuwa amesimama humo peke yake, kichwa chini, anatafuna. Taya halisimami.

Nilikaa kwenye kreti. Sikumfuata.

"Sasa madam," dereva akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuko msikitini, "mnaenda wapi?"

"Hatuendi mahali, mzee."

Akatafuna kama robo saa. Alafu akainua mkia, taratibu, na kutuachia rundo zima la mavi pale katikati ya sakafu.

"Lahaula!" mzee akasema. "Na nimetoka kuliosha sai!"

Strungi akageuza sikio moja, akaendelea kula.